Volyumu hii ya storeji ni ya maunti ipi? Jinsi ya kuzioanisha kwenye seva za Linux

Walio kwenye ofisi zilizohamia Dodoma wanaijua hii: wewe uko Mtumba na seva zako, jamaa wa storeji (mashine ya diski inayozigawia seva vipande viitwavyo volyumu) yuko Dar, afu saa kumi jioni inaingia meseji "mkuu, ile volyumu ya giga 500 imefika asilimia 90, ni ya mfumo gani?" Unapiga df (amri ya kuonyesha nafasi ya diski) kwenye seva, unakuta maunti nne (folda ambazo diski zimefungwa humo), hakuna yenye giga 500 kamili wala jina linalofanana na lile analolitaja yeye. Yeye anaona jina alilolipa volyumu siku anaitengeneza, wewe unaona /u01, kila mtu na lugha yake.

Kwanza acheni kuulizana kwa saizi, na acheni kabisa kuulizana kwa sdb na sdc. Hayo ni majina ya diski ndani ya Linux, na herufi zake keneli (kiini cha Linux) inazigawa kadiri inavyozikuta diski, kwa hiyo umeme ukikatika seva ikiwaka upya, iliyokuwa sdb inaweza kuamka sdf na hakuna aliyegusa kitu. Saizi nayo inadanganya, maana volyumu mbili za giga 500 kwenye seva moja ni jambo la kawaida, na ext4 (mfumo wa mafaili wa Linux) peke yake inamtengea root (msimamizi mkuu wa seva) asilimia 5 ukiiacha kama ilivyo, hivo df haitakuonyesha namba ya storeji hata siku moja. Ni sawa na kwenda mnada wa Msalato ukasema nataka yule ng'ombe mwekundu, wakati wenyewe wanaangalia alama.

Alama ya volyumu ni WWID (World Wide Identifier, namba ya utambulisho isiyofanana na nyingine). Storeji inaitoa yenyewe, haibadiliki ukiributi, haibadiliki ukihamisha nyaya, na pande zote mbili zinaiona. Kazi yote iliyobaki ni kuifikia tu.

Anzia kwenye folda ambayo watu wa mfumo wanaijua, tuseme /u01/oradata:

findmnt -T /u01/oradata

Hiyo itakwambia folda imekaa kwenye kifaa gani, mfano /dev/mapper/vgdata-lvora, yaani kipande (LV) lvora ndani ya fungu la diski, volyumu grupu (VG) vgdata, vinavyosimamiwa na LVM ya Linux. (Ukiona vistari viwili, kama vg--data, usishangae, jina la volyumu grupu lenyewe lina kistari, LVM inakiandika mara mbili isije ikachanganya na kile cha kutenganisha.) Sasa shuka nayo mpaka chini:

lsblk -s -o NAME,TYPE,SIZE,WWN /dev/mapper/vgdata-lvora

Ile -s ndo utamu wenyewe, inageuza mti juu chini: inaanza na lvora, chini yake mpathc (jina ambalo multipath, programu ya kuunganisha njia za diski moja, imeipa volyumu), chini yake sdf na sdk. Yaani sdf na sdk sio diski mbili, ni diski moja inayofikiwa kwa njia mbili, na wapo watu wanaozihesabu mbili afu wanamwandikia bosi kwamba wana tera moja. Kama chini ya lvora zinatokea mpath mbili au tatu, ujue volyumu grupu imekaa kwenye volyumu zaidi ya moja za storeji, kwa hiyo jibu la "ni ya mfumo gani" litazihusu zote, andika zote.

Afu piga multipath -ll mpathc, utapata kitu cha namna hii:

mpathc (3624a93708d3f1c0ab2e94b5000011a7f) dm-4 PURE,FlashArray
3:0:0:12 sdf 8:80 active ready running
4:0:0:12 sdk 8:160 active ready running

Hapa tulia kidogo maana ndipo wengi wanapopotea. Namba ya kwenye mabano ndo WWID, ila ile 3 ya mwanzo kabisa sio sehemu ya namba ya storeji, Linux inaiweka kuonyesha ni aina gani ya utambulisho. Itoe. Kwenye lsblk namba hiyohiyo utaikuta imeanza na 0x badala ya 3. Nayo itoe. Kinachobaki kinaanza na 6, na tarakimu za mwanzo zinakwambia storeji ni ya kampuni gani: 624a9370 ni Pure, 600a0980 ni NetApp, 60060e80 ni Hitachi, 60050768 ni IBM. Kwa Pure, herufi 24 zinazofuata ndo siriali ileile jamaa anayoiona kwenye skrini yake, tofauti ni kwamba yeye anaziona kwa herufi kubwa, kwa hiyo ukitafuta tumia grep -i. Kwa NetApp siriali ni herufi 12, na kwenye WWID zimegeuzwa kuwa heksa, unazirudisha hivi:

echo HERUFI_24_ZA_MWISHO | xxd -r -p

Ile 12 ya mwisho kwenye 3:0:0:12 ni namba ya LUN, yaani namba ambayo storeji imeipa volyumu kwa seva hiyo. Inasaidia kuhakikisha, ila usiitegemee peke yake, kwa sababu seva nyingine inaweza kuwa na LUN 12 yake ambayo ni volyumu tofauti kabisa. Na jina mpathc nalo ni la seva hiyo tu, linatunzwa kwenye /etc/multipath/bindings, usimpe mtu wa storeji, halimsaidii.

Ukishapata, fungua shiti moja, mstari mmoja kwa kila volyumu: jina lake huko storeji, WWID, seva, mpath, VG na LV, maunti, na mfumo unaoitumia pamoja na mwenye mfumo. Kolamu ya mwenye mfumo ndo watu wanairuka na ndo inayoulizwa kila siku.

Sasa kuna ile kesi storeji inasema asilimia 90 na df inasema 40, na WWID zinafanana kabisa. Hamjakosea kuoanisha. Volyumu ni thin (inachukua nafasi ya storeji kadiri inavyoandikwa), watu wamefuta mafaili ila storeji haijaambiwa kwamba nafasi imeachiwa. Piga fstrim -v /u01 muda ambao mfumo haujabanwa, mpe jamaa muda kidogo aangalie tena.

NFS (folda zinazoletwa kwa mtandao) ni rahisi, findmnt -t nfs,nfs4 inakupa seva na njia palepale. Cha kuangalia tu, kwenye NetApp ile njia sio lazima ifanane na jina la volyumu, mwambie akague junction-path (njia ambayo volyumu imefungwa huko storeji).

Kama seva ni ya VMware (mashine pepe) usihangaike na yote hayo ndani ya mashine, diski unayoiona ni faili la vmdk, WWID ikianza na 6000c29 ndo hiyo. Panda vCenter (skrini ya kusimamia VMware) uangalie datastore (hifadhi yenye vmdk hiyo) imekaa kwenye naa gani, yaani WWID kwa lugha ya VMware.

Pale mnapotaka kuondoa volyumu, mpangilio ni huu na usiugeuze: umount, futa mstari wake kwenye fstab (faili la maunti za kuwasha seva), lvremove, vgreduce (au vgremove kama ni ya mwisho kwenye grupu), pvremove, multipath -f mpathc, afu kwa kila njia echo 1 > /sys/block/sdf/device/delete, na sdk vivohivo. Ndipo umpigie jamaa aitoe kwenye seva huko kwake. Na kabla hajabonyeza, akusomee kwa simu herufi sita za mwisho za siriali aliyoichagua, wewe ukiwa na shiti mbele yako.