Usiku wa vichekesho Kigoma: kuchagua filamu na tamthilia, na kuzionyesha bila kukwama

Kigoma jua huchelewa kuzama. Saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam, lakini tuko magharibi kabisa ya nchi, kwa hiyo giza hutufikia karibu dakika 40 baada yao. Novemba jua huzama kama saa 12:55 jioni, Februari hufika saa 1:25 usiku. Ukitundika shuka uani na kuwasha projekta saa 1 kamili, utaona vivuli tu, na watoto watakuwa wameshaanza kurushiana mawe kabla picha haijaonekana. Anza saa 2:30, na Februari hata saa 2:45. Hapo giza limekolea na waliokwenda kuswali isha wamesharudi.

Kama nyumba ina wavuvi, angalia na mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hupoteza nguvu mbele ya mbalamwezi, ndiyo maana siku za mwezi mpevu wavuvi wa Kibirizi na Katonga huwa nyumbani. Panga usiku wako wakati huo, baba wa nyumba naye apate kucheka na wanawe. Mbalamwezi haiharibu picha ya projekta kwa kiasi cha kukusumbua. Kinachoharibu ni taa ya ulinzi ya jirani, kwa hiyo mwombe mapema aizime kwa saa mbili.

Chagua kwa kuangalia watakaokaa mkekani

Sebule moja ya Ujiji inaweza kuwa na bibi anayesikia Kiha na Kiswahili, vijana wenye Kiingereza cha shuleni, jamaa wa ng'ambo ya ziwa anayejua Kifaransa na Kiswahili cha Kongo, na watoto ambao bado hawawezi kusoma maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha. Ukiweka filamu yenye maneno mengi ya Kiingereza, watacheka wawili, na wengine watawauliza "kasemaje?" mpaka hao wawili nao wapoteze kisa. Kwa hiyo kwenye kundi mchanganyiko, anza na vichekesho vya macho.

Hapo Mr. Bean bado hana mpinzani. Vipindi vya mwanzo ni 15, kila kimoja kama dakika 25, na cha kwanza kilionyeshwa Uingereza tarehe 1 Januari 1990. Rowan Atkinson, anayemwigiza Bean, haongei karibu chochote. Weka hicho cha kwanza kabisa, maana kina visa vitatu ambavyo hapa havihitaji mkalimani. Kwanza yumo kwenye chumba cha mtihani, karatasi imekuja na alichokuwa hakukisoma, naye anahangaika kuchungulia ya jirani. Kisha yuko ufukweni, anataka kuvaa nguo ya kuogelea bila kuonekana na mzee aliyekaa karibu naye, na anaivaa juu ya suruali ndipo aanze kuivua suruali kwa ndani. Mwisho yuko kanisani, usingizi umemzidi wakati wa mahubiri. Mwangalie bibi kwenye kisa cha ufukweni. Akicheka pale, usiku wako umeshakaa sawa. Vipindi vingi vinapatikana kwenye kituo chake rasmi cha YouTube, na kwa picha ya 480p utatumia takriban MB 500 kwa saa.

Charlie Chaplin naye anafaa kuliko watu wanavyodhani. Wengi humkimbia kwa sababu picha ni nyeusi na nyeupe. The Kid ya mwaka 1921 haifiki dakika 70, haina mazungumzo ya kusikika, na kisa chake kinaeleweka na yeyote: maskini anamlea mtoto aliyetupwa, mtoto anatangulia mtaani kuvunja vioo vya madirisha, halafu baba mlezi anapita "kwa bahati" akiwa amebeba vioo vya kuuza. Kuna sehemu mtoto ananyang'anywa na watu wazima hulia. Usiikate, kwa sababu kicheko kinachofuata hapo kina uzito zaidi.

Vya Kiswahili

King Majuto, yaani Amri Athumani wa Tanga, alifariki Agosti 2018, lakini kazi zake bado zinachekesha mtaa mzima, hasa zile anazocheza mzee mbishi au mzee bahili. Tatizo la filamu nyingi za zamani za Bongo ni sauti: mazungumzo yalichukuliwa na maikrofoni ya kamera yenyewe, nje, upepo unavuma. Zisikilize kwanza kwenye spika utakayotumia. Zikisikika kwenye simu kwa earphone, usidhani zitasikika uani. Kundi la Ze Comedy, ambalo baadaye lilijulikana kama Ze Orijino Komedi, linachekesha sana kwa waliokuwa watu wazima wakati ule, maana liliiga viongozi na matukio ya siku zake. Kijana wa miaka 15 hatamjua anayeigwa. Chagua vipande vya nyumba na ndoa, uache vya siasa.

Kutoka Kenya, Vioja Mahakamani vya KBC vinafaa kwa watu wanaoingia na kutoka, kwa kuwa kesi huanza na kumalizika ndani ya kipindi kimoja. Vitimbi navyo vina Kiswahili kinachofuatika vizuri huku kwetu. Papa Shirandula ya Citizen TV inamhusu askari wa lindo Nairobi anayemficha mkewe kazi yake halisi. Hiyo itazame kwa mfululizo. Ukiokota kipindi cha katikati hutaelewa kwa nini kila mtu ana wasiwasi akiona sare.

Kama waliopo wanasikia Kiingereza

Tamthilia moja ya Marekani tungeipa nafasi ya kwanza: Everybody Hates Chris, misimu 4, vipindi 88, iliyorushwa 2005 hadi 2009. Kila kipindi ni kama dakika 22. Haina kicheko cha kubandikwa, na familia yake inafanana mno na za huku. Baba, Julius, anafanya kazi mbili na anajua bei ya kila kitu ndani ya nyumba. Maziwa yakimwagika mezani haulizi nani kamwaga, anataja kwanza thamani ya yaliyomwagika. Mama, Rochelle, ana maneno makali na msimamo ambao wazazi wetu watautambua papo hapo. Anza msimu wa kwanza, kipindi cha kwanza, kwa sababu hapo ndipo msimuliaji anapowatambulisha wote. Mmoja anayejua lugha aeleze kwa sentensi mbili kila baada ya kipindi, asitafsiri kila mstari wakati picha inakwenda.

Home Alone ya mwaka 1990 ina dakika 103, na sehemu ya mwanzo ni vurugu ya familia kubwa inayojiandaa kusafiri. Watazamaji wasiojua Kiingereza huchoka hapo na kuanza kuongea. Waambie kabla ya kuanza: "Mtoto atasahaulika nyumbani, wezi wawili watakuja, atawategea mitego." Watasubiri kwa hamu. Baada ya filamu, waambie wadogo wazi kwamba pasi kichwani na moto ni vya filamu tu.

Za Nigeria, Aki na Ukwa ya 2002 inachekesha hata anayeshindwa kufuata Kiingereza chao, kwa sababu ni utundu mtupu. Chinedu Ikedieze na Osita Iheme walikuwa watu wazima wakiigiza watoto. Wazazi wajue kwamba utundu huo huigwa kesho yake. Osuofia in London ya 2003, ya mwanakijiji anayekwenda Uingereza kufuata urithi wa kaka yake, yafaa watu wazima waliowahi kuwa na ndugu ughaibuni.

The Gods Must Be Crazy ya 1980 ina gari bovu linalochekesha kuliko waigizaji wengi. Lakini inawaonyesha Wasan wa Kalahari kana kwamba hawajawahi kuijua dunia nyingine, na hilo si kweli. N!xau wa Namibia, aliyeigiza, alijua zaidi ya mhusika wake. Ukiiweka, waambie watoto hivyo.

Filamu zilizotafsiriwa na "ma-DJ", wale wanaosimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu, ni msaada mkubwa kwa wasiojua Kiingereza, lakini zina mtego. Mtafsiri huongeza utani wake, na mwingine ni wa matusi ambayo filamu yenyewe haina. Usipoisikiliza mapema, matusi yatatoka mbele ya mama mkwe.

Ikague kabla ya kuwaita watu

Tazama dakika 10 za mwanzo, 10 za katikati na 15 za mwisho. Kwenye karatasi andika dakika ya kila sehemu itakayoleta aibu, mfano "1:04 hadi 1:06 ruka". Coming to America ya 1988, kwa mfano, inachekesha sana, lakini dakika zake za mwanzo kuna wanawake wasiovaa nguo kwenye bafu la mwana wa mfalme, na matusi yamejaa. Mkwe na mkwewe hawawezi kukaa mkeka mmoja mbele ya hiyo. Waachie vijana, usiku wao wenyewe.

Flashi inayogoma

Usiku mwingi huharibikia hapa. Runinga nyingi za kawaida husoma vizuri flashi ya fomati ya FAT32, na FAT32 haipokei faili moja inayozidi GB 4, hata flashi ikiwa ya GB 32 na tupu. Usitafute faili kubwa. Filamu ya dakika 100 kwa 720p huwa kama GB 1, na kwa runinga ya inchi 32 inatosha kabisa.

Sauti ikitoka bila picha, mara nyingi video imebanwa kwa mfumo wa H.265 na runinga yako haiujui. Picha ikienda bila sauti, mara nyingi sauti imefungwa kwa mfumo wa DTS ambao runinga haiusomi. Dawa ni moja: ipitishe kwenye kompyuta kwa HandBrake, programu ya bure, chagua MP4, H.264 na sauti ya AAC. Fanya mchana, maana kompyuta ya kawaida inaweza kuchukua saa nzima au zaidi kwa filamu moja. Ukikosa muda, chomeka kompyuta kwenye runinga kwa kebo ya HDMI na uchezeshe kwa programu ya VLC.

Maandishi ya tafsiri yanatakiwa kubeba jina lile lile la filamu: bean1.mp4 na bean1.srt, folda moja. Yakitangulia au kuchelewa, kwenye VLC bonyeza G au H kidogo kidogo mpaka yalingane na midomo.

Umeme na sauti

Runinga ya LED ya inchi 32 hula wati 30 hadi 50, sabufa ndogo wati 20 hadi 40. Hesabu wati 80 kwa saa tatu na nusu: wati-saa 280. Betri ya gari ya 12V yenye 40Ah haitoshi, kwa sababu betri za asidi hazifai kushushwa chini ya nusu, na nusu yake ni wati-saa 240 tu. Ya 100Ah inatosha na kubaki. Inveta ya wati 300 inabeba. Zile za bei nafuu hutia mvumo kwenye sabufa, na ukiusikia, tumia spika za runinga yenyewe au spika ya kuchaji.

Jenereta iweke nyuma ya nyumba, angalau mita 15, upande upepo unakoelekea. Kamwe usiiweke chumbani wala barazani penye kuta, moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, inayoua bila harufu ya kukushtua.

Sabufa iweke karibu na picha, usawa wa masikio ya aliyekaa. Shusha besi. Maneno ya kuchekesha yako kwenye sauti ya kati, na besi kubwa inayafunika, ndiyo maana majirani husikia kishindo na waliokaa mbele hawasikii utani.

Kama ni uani, shuka jeupe la pamba la upana wa mita 2 livutwe kwa kamba kwenye pembe zote nne, likilegea upepo wa ziwani utalitikisa. Kuanzia Novemba, mvua zikianza, kumbikumbi hufuata mwanga wa projekta, wakizidi basi hamia ndani. Na ukitoza kiingilio, hilo ni jambo jingine: ulizia kwanza kibali halmashauri, na masuala ya Bodi ya Filamu na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, yanakuhusu.

Mpangilio wa usiku

Fungua na Tom and Jerry mbili tatu za zamani, kila moja kama dakika 7, wakati watu wanakaa. Anayechelewa hakosi kitu. Kisha Mr. Bean mmoja. Hapo simamisha, gawa bisi na karanga, wadogo wapelekwe kulala. Filamu kubwa ianze kabla ya saa 3:45, la sivyo nusu ya watu watalala kabla ya mwisho. Usimalizie kwa filamu ya pili. Malizia kwa kipindi kimoja cha Vioja au cha Chris, dakika 22 hadi 30, watu waondoke wakiwa bado wanataka kingine.

Filamu ikipita dakika 20 bila kicheko cha pamoja, itoe. Usisubiri "itachangamka mbele". Kwa hiyo flashi iwe na filamu ya akiba uliyoikagua tayari, na iwe ya macho, si ya maneno, kwa sababu watu walioshindwa na ya kwanza mara nyingi wameshindwa na lugha.