Turubai la kufunikia mashua iliyopandishwa pwani

Mashua ikipandishwa ufukweni Lamu kungoja kusi, upepo mkali wa kutoka kusini, ipite, maadui zake ni jua, mvua ya masika na chumvi. Kwa chombo cha mbao chagua turubai zito la pamba. Linapumua. La plastiki bei yake nafuu, lakini hufungia mvuke ndani, mbao zikaota ukungu na kuoza. Tena jua hulikausha likachanika vipande vipande.

Usipime chombo kitupu. Laza kwanza mti wa mkoko kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), uinuke kama nusu mita juu ya ukingo, kisha pitisha kamba juu yake ishuke sentimita 30 chini ya ukingo kila upande. Huo ndio upana. Urefu wa turubai ni urefu wa chombo, ongeza mita 1. Bila mti huo maji hutuama katikati, na kila lita 20 ni kilo 20 zinazovuta mshono.

Vitundu viwe na pete za shaba kila sentimita 50. Za chuma huliwa na kutu. Omo na tezi acha upenyo, hewa ipite. Kamba zipite chini ya mkuku, ule uti wa chini wa mashua, si kwenye vigingi vya mchangani, kusi huving'oa. Na kizibo cha chini ya mashua, tafadhali, kichomoe, maji yatoke.