Jinsi ya kupandisha boti pwani watu wawili tu: kamba, kapi na winchi ya difu

Boti ya faiba ya futi 20 ikiwa na mashine nyuma inafika kilo 600 bila shida, na njia yetu ya siku zote ya kuipandisha ni kuita vijana, harambee mbili tatu, alafu soda na mikate, na nusu ya waliokula walifika boti ishapanda. Sina ugomvi na harambee ila kuna siku vijana wako mpirani na maji yanaanza kutoka. Hapa naelekeza namna ya kuivuta mkiwa wawili, kwa vitu ambavyo vingi unavipata gereji na kwenye chuma chakavu.

Kwanza nitoe kitu kimoja njiani. Watu wakiamua kufanya hii kazi wanakimbilia kuuliza winchi ya tani ngapi. Winchi ndo ya mwisho jamani. La kwanza ni boti inapita juu ya nini, la pili ni umefunga wapi huko nchi kavu. Ukipatia hayo mawili, winchi yoyote ya kichovu inakufikisha.

Angalia hesabu. Tuseme ufukwe unapanda mita 1 kila ukitembea mita 8. Uzito wa kupanda peke yake kwa boti ya kilo 600 ni kama kilo 75, kitu kidogo. Ila ukiiburuta kwenye mchanga, msuguano unaongeza karibu nusu ya uzito wa boti, yaani kilo 300 zingine, na hapo bado haijanyonywa na mchanga wa majimaji maana ikishalala pale inadai zaidi. Sasa tandika mbao mbili kama reli, juu yake weka vigogo vya kuviringika, msuguano unashuka mpaka kilo 60 hivi. Kutoka kilo 375 mpaka 135 na winchi hujanunua bado! Vigogo vizuri ni mvinje ulionyooka, au bomba la PVC la inchi 4 lile nene, unalijaza zege, linakaa miaka. Tengeneza vigogo 5 au 6, kimoja kikitokea nyuma mwenzako anakibeba anakirudisha mbele. Awe anakiokota kikiwa kimeshatoka kabisa, asipeleke mkono chini ya boti hata iwe imesimama.

Na muda. Vuta wakati wa bamvua, siku za mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yakiwa yamejaa mpaka mwisho. Pwani yetu kwenye bamvua kubwa maji yanapanda na kushuka karibu mita 4, kwa iyo bahari yenyewe inakubebea boti sehemu kubwa ya safari, wewe unamalizia tu pale juu. Anayevuta maji mafu anajipa kazi ya bure.

Haya, wapi pa kufunga. Mti mkubwa ulio hai ndo bora, mkungu au mwarobaini uliokomaa, unafunga chini kabisa karibu na ardhi, unazungushia gunia kwanza kamba isile ganda. Mnazi ulioinama achana nao, na nguzo ya umeme usiiguse hata kama iko mahali pazuri namna gani.

Kama hakuna mti, zika gogo. Hii watu wanaidharau ila ndo inashika kuliko vyote. Chimba mtaro wa urefu wa mita 1 na nusu, umekatiza njia ya kuvuta, kina mita 1, kwenye mchanga mkavu ongeza kina. Laza gogo nene humo, funga mnyororo katikati yake. Alafu, na hapa ndo wengi wanaharibu, chimba kijifereji chembamba cha mteremko kutoka kwenye gogo kuja juu upande wa boti, mnyororo upite humo. Mnyororo ukitoka gogoni ukapanda wima, ukivuta unaling'oa gogo kama muhogo. Ukitoka kwa mteremko wa taratibu, gogo linasukuma ukuta wa mchanga ulio mbele yake, na huo ukuta hauendi popote. Fukia, shindilia kwa miguu, mwagia maji.

Kwenye udongo mgumu unaweza tumia vigingi, mpangilio wa 3, 2, 1. Vitatu mbele vinaposhika mzigo, viwili nyuma yake, kimoja mwisho, vyote vimelala kidogo kukimbia boti. Funga kamba kutoka kichwa cha kigingi cha mbele kwenda mguuni mwa kile cha nyuma, unazikaza kwa kuzisokota na kijiti. Kwenye mchanga laini hii haifai kabisa.

Upande wa boti: usifunge kwenye kile kidude cha juu cha kufungia kamba gatini, kimeshikwa na skrubu mbili kwenye faiba na kitatoka nazo. Tafuta ile pete ya chini kwenye omo, yaani pua ya boti, ile inayotumika kwenye trela, imepita mpaka ndani na ina sahani ya chuma nyuma. Mashua ya mbao isiyo na pete unazungushia kamba mwili mzima kupitia tezi (nyuma ya chombo), unaishikiza pembeni isiteleze kushuka, ili nguvu isambae. Ngalawa nayo usiivute kwa ile miti ya pembeni, vuta mtumbwi wenyewe.

Kamba sasa. Nailoni inavutika sana, ndo maana ni nzuri kwa nanga, ila kwa kuvutia boti inakuwa mpira: unazungusha winchi weee boti imetulia, alafu ghafla inaruka, na ikikatika inarudi na nguvu zote ulizoiwekea. Kwa hii kazi tumia polista, haivutiki sana na jua haliisumbui haraka. Ile ya bluu au kijani ya polipropilini ambayo kila duka la uvuvi wanayo ni rahisi, inaelea, ila jua linaila, ukiona inatoa unga ukiisugua mkononi ishaisha iyo. Katani inaoza kwa ndani huku nje inapendeza. Chagua kamba ambayo nguvu yake ya kukatikia ni angalau mara 5 ya unachovuta, na kumbuka fundo linapunguza nguvu ya kamba kwa theluthi mpaka nusu, kwa iyo usiunge unge njiani.

Waya wa chuma mimi siupendi pwani, chumvi inaumaliza na nyuzi zikikatika zinachana viganja. Ukiulazimisha, vaa glavu za ngozi, na zile klemu za kufungia kitanzi ziwe 3 au zaidi, zote zimeangalia upande mmoja: tandiko la klemu likae kwenye waya unaobeba mzigo, ile U ikae kwenye mkia. Tembelea gati lolote utaona zimefungwa moja hivi moja vile, inaonekana nadhifu na ni makosa.

Kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba, ndo inakupa nguvu ya bure, ila inategemea imekaa wapi. Kapi iliyofungwa kwenye mti inageuza tu mwelekeo wa kamba, haikupunguzii kitu. Kapi iliyofungwa kwenye boti, kamba imeanzia kwenye mti ikaenda kuzunguka kapi ikarudi kwenye winchi, hiyo inagawa mzigo mara mbili. Kilo 375 inakuwa kama 190 na kidogo cha msuguano, maana kapi ya kawaida inakula kama sehemu moja ya kumi ya nguvu. Bei yake ni kamba: boti ikisogea mita 20 unakusanya mita 40. Na kapi yenyewe pale kwenye boti inabeba mzigo wote wa 375 pamoja na shekeli yake (kile chuma cha U cha kuifungia), kwa iyo usiweke kapi ya kuchotea maji kisimani. Wazee wa majahazi wanajua haya siku nyingi, foromali ya jahazi, ule mti unaobeba tanga, haipandi mlingotini bila kapi za mbao na jarari, kamba ya kuipandishia. Uingereza nao walikuwa wanakula kapi za mbao kwa wingi mpaka mhandisi Marc Brunel akabuni mashine za kuzitengeneza pale Portsmouth, kufikia 1808 zilikuwa zinatoa kapi 130,000 kwa mwaka. Zote za meli za matanga.

Haya tuje kwenye difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma ya gari. Tafuta ekseli ya nyuma ya pikapu iliyochakaa, yenye breki za dramu. Ndani yake kuna gia inayopunguza mzunguko karibu mara 4, imekaa kwenye oili yake, chumvi haiingii, winchi za dukani nyingi zinatamani kinga hiyo. Shida ni moja: difu ukizuia upande mmoja, upande wa pili unazunguka mara mbili zaidi na nguvu inapungua nusu. Kwa iyo fundi afungue, achomelee zile gia ndogo za ndani zishikane, tairi zote mbili ziwe zinazunguka pamoja. Upande wa kulia chomelea kwenye habu bomba nene la inchi 4, urefu futi moja, hilo ndo dramu la kamba. Watu wanapenda kutumia rimu kwa sababu ipo tayari, ila rimu ni pana, inakula nguvu yako yote. Piga hesabu: mkono wa kuzungushia wa sentimita 40 unaofungwa pale shafti ya gari ilipokuwa inaingia kwenye difu, bomba lina nusu kipenyo cha kama 5.7, hapo ni mara 7, zidisha kwa 4 ya difu unapata mara 28. Ukisukuma kilo 20 unapata 560, toa theluthi ya msuguano, bado una zaidi ya 370. Kwa rimu ya inchi 14 hesabu iyo iyo inaishia kama mara 9.

Upande wa kushoto acha breki ya dramu na waya wake wa hendibreki, maana ekseli imeshashikana, ukikaza kushoto kulia kunasimama. Hiyo ndo breki ya kushushia. Kwa usalama wa pili funga sproketi ya pikipiki pale unapoingiza mkono wa kuzungushia, na jino la chuma lenye springi linaloangukia kwenye meno. Usivute hata siku moja bila hilo jino. Mkono wa winchi ukirudi nyuma wenyewe unavunja mfupa.

Usijaze kamba kwenye bomba. Zungushia mara 4 au 5 tu, mwenzako anavuta mkia, kamba inarundikana pembeni. Kila safu inayojipanga juu ya bomba inaongeza unene na inakupunguzia nguvu, ndo maana hata winchi ya dukani ile namba iliyoandikwa ni ya safu ya kwanza. Chomelea vyuma laini 6 kwa urefu wa bomba vilivyoinama kidogo, upande wa ndani unene zaidi, kamba itakuwa inateleza yenyewe kuelekea upande mwembamba badala ya kupandana. Na mnyororo wa kufungia winchi kwenye gogo uwe umelenga dramu la kamba, siyo katikati ya ekseli, la sivyo winchi nzima inageuka kama mlango.

Kuvuta kwenyewe: anayezungusha anakaa nyuma ya winchi, kamba inapita pembeni yake, hapo katikati simamisha ubao mnene. Tupia gunia lenye mchanga kidogo juu ya kamba, kamba ikikatika gunia linaikalisha chini. Watoto wote wakae pembeni, siyo nyuma na siyo mbele, na hakuna mtu kuruka kamba iliyokaza. Vuta mita moja, simama, tazama gogo linajongea au la, tazama pete ya boti, endelea. Ikinasa usiongeze mtu wa pili kwenye mkono, nenda kachimbe kwa koleo pembeni ya mkuku (ule uti wa chini ya boti), mkono usiingie chini, uone imekwama wapi, mara nyingi ni kigogo kimekaa upande.

Kushusha usiseme itateremka yenyewe. Breki imeshikwa, mizunguko ile ile 5 kwenye bomba, mwenzako anaachia mkia taratibu.

Kwa wale wasiotaka kupandisha kila siku kuna kamba ya mzunguko. Unaweka nanga nzito mbele kwenye kina ambacho maji yakitoka kabisa boti bado inaelea, juu yake boya lenye kapi, kamba inapita pale na kurudi nchi kavu kwenye kapi nyingine, inakuwa duara moja refu. Boti inafungwa kwenye huo mduara, ukivuta upande huu inaenda, upande ule inakuja, miguu mikavu. Inafaa sehemu zenye kina cha haraka, Kilifi kwenye mkono wa bahari au Mikindani. Pwani kama Paje ambako maji yakitoka yanaenda mbali kabisa, sahau. Tumia kamba inayozama, ile inayoelea itaishia kwenye propela ya mtu na mtagombana.

Na kama nanga ndo inakuvunja mgongo, chukua pete ya chuma kisichoshika kutu ya upana wa sahani, ifunge kwenye boya la lita 40, ipitishe kwenye kamba ya nanga. Kamba ikae imefungwa omo, usifunge tezi. Endesha taratibu kwenda mbele, umeipita nanga kwa pembeni, kamba iwe mbali na propela. Boya linabaki nyuma, kamba inapita kwenye pete mpaka mnyororo unaingia, na nanga inaning'inia chini ya boya linaloelea. Zima mashine ndo uanze kukusanya kamba kwa mkono. Lita 40 zinabeba karibu kilo 40, kwa iyo pima nanga na mnyororo wako kwanza, na sehemu yenye matumbawe usiifanye, mnyororo unafagia kila kitu kabla haujanyanyuka.