Namna ya kuchagua kozi ya digrii katika chuo kikuu cha kanisa: mwongozo kwa wahitimu wa kidato cha sita, Nyanda za Juu Kusini

Mimi ni mhadhiri na mshauri wa wanafunzi katika chuo kikuu kimoja cha kanisa hapa Iringa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiingia ofisini kwangu, nikishapokea shikamoo yake, huwa namuuliza kwa nini amechagua kozi aliyoichagua. Majibu hayatofautiani sana: mjomba alisema ina ajira, kombi yangu ndiyo iliyoruhusu, niliomba na Mungu akanionyesha. Zote ni sababu za kweli, na hiyo ya mwisho naiheshimu kuliko nyingine. Lakini hakuna hata moja inayokuambia utakuwa unasoma nini hasa, wala utaamkia kazi gani ukishavua joho. Mwongozo huu ni wa kukusaidia ulijue hilo kabla hujajaza fomu.

Hatua ya 1: Elewa kwamba unachagua sasa, si baadaye

Marekani kuna vyuo vya Kikristo ambako kijana huingia bila kuwa amejifunga na fani. Husoma historia, sayansi, Biblia na lugha, kisha kwa kawaida hutangaza fani yake mwaka wa pili unapoishia. Kwetu si hivyo. Uombe Chuo Kikuu cha Iringa, Ruaha (RUCU), Teofilo Kisanji pale Mbeya au Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Mbeya, unaomba kozi yenye jina lake tangu siku ya kwanza. Digrii ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Hizo ni saa 3,600 za maisha yako. Mtihani wa kidato cha sita ni Mei, matokeo hutoka Julai. Kipindi hicho cha katikati ndicho cha kufanya kazi hii, hata kama sehemu yake utakuwa JKT.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya pointi

Hapa hakuna mambo mengi. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kiwango cha chini cha kuingia digrii kwa waliomaliza kuanzia 2016 ni principo mbili (yaani masomo mawili uliyofaulu kwa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4.0. Mwenye C ya Historia na E ya Jiografia anafika. Ila kozi nyingi hutaja masomo mahususi, na nyingine hudai zaidi, kwa hiyo fungua Mwongozo wa Udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka wako usome mstari wa kozi yenyewe. Anayetokea diploma anatakiwa awe na GPA isiyopungua 3.0.

Kwa wanaotaka ualimu: utachagua masomo mawili ya kufundishia, na yanafuata ulichofaulu. Wa kombi ya HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) asitegemee kufundisha Jiografia.

Hatua ya 3: Soma orodha yote ya masomo, mpaka mwaka wa mwisho

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Jina la kozi halitoshi kukupa picha. Tafuta prospekta kwenye tovuti ya chuo, au nenda ofisi ya udahili uombe kuiona. Chukua daftari, andika kila somo la kila muhula kwa mkono wako. Kisha weka alama: V kwa somo ambalo ungelisoma hata kama lisingekuwa na mtihani, S kwa lile utakaloweza kulivumilia, X kwa lile linalokunyima raha hata kulitaja.

Usitazame mwaka wa kwanza peke yake. Mwaka wa kwanza vyuo vingi huwapa wanafunzi wote masomo ya pamoja, kama stadi za mawasiliano na stadi za maendeleo, na kwenye vyuo vya makanisa mara nyingi kuna maadili pia. Sura halisi ya kozi inaonekana mwaka wa pili na wa tatu. Wanaokimbilia saikolojia ya ushauri nasaha kwa sababu wanapenda kusikiliza watu hushtuka wanapokutana na takwimu na mbinu za utafiti. Anayependa kubishana hudhani sheria ni yake, kumbe sehemu kubwa ya sheria ni kukaa kimya na kusoma kurasa nyingi za hukumu. Pale Chuo Kikuu cha Iringa kuna kozi inayounganisha anthropolojia ya utamaduni na utalii. Kijana anawaza Hifadhi ya Ruaha na tembo, anasahau nusu ya jina.

Ukiona X zimerundikana mwaka wa tatu, achana na kozi hiyo hata kama jina lake ni tamu. Na kama S ni nyingi lakini V zipo za kutosha, usiogope. Hakuna kozi isiyo na kupanda mlima.

Hayo masomo ya pamoja nayo msiyadharau. Kila mwaka nasikia wanafunzi wakiyaita ya kujazia ratiba, na inaniuma. Mwanasheria na mwalimu wakikaa darasa moja la maadili wakajadili rushwa, hapo ndipo chuo cha kanisa kinapofanya kazi kiliyojengewa.

Hatua ya 4: Nenda ukaione kazi

Tafuta mtu anayefanya kazi unayoitaka, omba kukaa naye siku moja au mbili. Mikoa yetu ina kila kitu cha kuona. Unataka uhasibu? Nenda AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa Mbozi wakati wa malipo ya wakulima, au kwa wafanyabiashara wa mbao Mafinga, au wanaonunua parachichi Njombe. Unataka sheria? Nenda mahakama ya mwanzo, kaa kwenye benchi usikilize kesi. Maendeleo ya jamii? Mfuate afisa wa kata anapokwenda kwenye vikundi vya akina mama.

Mwulize: ni sehemu gani ya kazi hii hukuijua ulipokuwa chuoni? Baada ya digrii kulihitajika nini kingine? Swali la pili ni muhimu. Shahada ya sheria kwa kawaida huchukua miaka minne, na bado anayetaka uwakili anapaswa kupita Shule ya Sheria kwa Vitendo Dar es Salaam. Mhasibu anayetaka CPA, yaani cheti cha juu cha uhasibu, ana mitihani ya NBAA (bodi ya wahasibu) mbele yake.

Hatua ya 5: Pima wito wako

Omba, na ukiomba, omba ukiwa na lile daftari mkononi. Kisha mpelekee mchungaji wako, katekista au mzee wa kanisa anayekujua tangu utoto. Usimwulize kozi gani ina hela. Mwulize: kwa jinsi unavyonijua, ni wapi nimekuwa wa msaada kwa watu?

Wapo wanaodhani mwenye wito lazima asome theolojia, wengine wote ni wa dunia. Si kweli. Wamoravian walipofika Rungwe 1891 kazi haikuishia kwenye mahubiri, zilifuata shule na tiba. Leo mgonjwa anapona katika hospitali ya kanisa ya Ilembula au Ikonda kwa mikono ya daktari na muuguzi, na pia kwa mhasibu mwaminifu aliyehakikisha dawa zimelipiwa. Huyo naye ameitwa. Kwa anayetaka theolojia, ajue mapema kwamba kusoma theolojia na kubarikiwa uchungaji ni mambo mawili: la pili huamuliwa na kanisa lake, kwa hiyo azungumze na dayosisi au jimbo kabla ya kuomba chuo.

Hatua ya 6: Kaeni na wazazi, mzungumzie fedha

Baba na mama wamevuna viazi au chai kwa ajili yako, wana haki ya kusikia sababu zako. Waonyeshe daftari. Andikeni ada, chakula, chumba na gharama za mazoezi kwa vitendo. Mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu) una maombi yake peke yake, hutolewa kwa kuangalia uhitaji, na huenda usifikie ada yote, hivyo amueni mapema nani ataziba pengo.

Hatua ya 7: Omba, thibitisha, na kagua tena mapema

Omba moja kwa moja chuoni dirisha la kwanza likifunguka. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, lazima uthibitishe kimoja ndani ya muda uliotangazwa. Ukishaanza masomo na majuma ya kwanza yakakuonyesha kwamba ulikosea, usikae kimya ukisubiri sapu (mtihani wa marudio) au kudisko (kuondolewa chuoni kwa kufeli). Mwone mshauri wako, peleka barua ya kuomba kuhama kozi kabla dirisha la uhamisho halijafungwa. Kama una mkopo, pitia na kwa afisa mikopo wa chuo siku hiyohiyo, ili taarifa zako za Bodi zisibaki kwenye kozi uliyoiacha.