Kuandika maktaba ya Lua itakayokubali Lua 5.4 na LuaJIT

Lua ni lugha ya programu. Ile rasmi hutengenezwa chuo kikuu cha PUC-Rio, Brazil, na matoleo yake makubwa hayaoni haya kuvunja programu za zamani. LuaJIT ya Mike Pall, Lua nyingine inayogeuza programu kuwa msimbo wa mashine wakati inaendeshwa ili iwe na kasi, ilibaki kwenye Lua 5.1 ya mwaka 2006, ikachota ya 5.2 yasiyomsumbua mtu, basi. Nani yuko sahihi? Wabishane wao. Maktaba yako inatakiwa ifanye kazi kwa wote.

Kwanza jua uko wapi. Usiulize `_VERSION` (jina la toleo), kwa kuwa LuaJIT hujibu "Lua 5.1", jibu lilelile la Lua 5.1 yenyewe. Uliza kama kuna jedwali la `jit`, au tafuta moja kwa moja kitu unachokihitaji:

    local unpack = table.unpack or unpack

`setfenv`, iliyobadilisha mazingira ya fanksheni (majina ya jumla inayoyaona), iliondolewa kwenye 5.2. Badala yake mpe `load` mazingira kama hoja ya nne; pande zote mbili zinaielewa.

Kisha sarufi. Alama `//`, `&`, `>>` na `<const>` LuaJIT haizisomi kabisa, na kuzificha ndani ya `if` hakusaidii: faili zima hukaguliwa kabla mstari wa kwanza haujatekelezwa. Kugawanya andika `math.floor(a / b)`. Kazi za biti ziweke kwenye faili mbili zenye fanksheni za majina yaleyale, uchague moja:

    local biti = require(jit and "biti_jit" or "biti_54")

Hapa wengi huteleza. Maktaba ya `bit` ya LuaJIT hurudisha namba za biti 32 zinazoweza kuwa hasi, hivyo `bit.band(0xFFFFFFFF, 0xFFFFFFFF)` ni -1, wakati 5.4 inatoa 4294967295. Upande wa LuaJIT malizia kila jibu kwa `% 2^32`. Upande wa 5.4 malizia kwa `& 0xFFFFFFFF`, maana `~0` huko huwasha biti zote 64.

Makosa ya sarufi angalau hupiga kelele. Ya namba yananyamaza, na ndiyo yatakayokula muda wako. Tangu 5.3 ya mwaka 2015, Lua ina namba kamili na namba za desimali kama aina mbili. `10 / 2` ni 5.0 kwenye 5.4 na 5 kwenye LuaJIT. Kwenye hesabu hutaona tofauti. Lakini `"ukurasa_" .. 10 / 2` kwenye 5.4 inazaa `ukurasa_5.0`: faili halipatikani, au kashe (hifadhi ya muda) inakosa kila mara, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Tumia `string.format("%d", n)`. Ukiipa 3.5, 5.4 inagoma kwa "number has no integer representation". LuaJIT inakata na kukupa 3 kimyakimya. Kwa hiyo jaribu 5.4 kwanza, ukali wake una faida.

Namba kubwa nazo: LuaJIT ikisoma 9007199254740993 inashika 9007199254740992, kwa sababu usahihi wake unaishia 2^53. Namba za utambulisho kutoka hifadhidata zibebe kama maandishi.

Kasi sasa. Endesha `luajit -jv faili.lua` utafute mistari yenye "NYI" (not yet implemented, yaani bado haijawekwa). Hapo kompaila imekutana na kitu isichokiweza na kazi imerudi kwa intapreta, inayotekeleza agizo moja moja, polepole zaidi. Mshukiwa wa kawaida ni fanksheni inayoundwa ndani ya kitanzi, itoe nje. Ukiambiwa moduli za `jit.*` hazipo, ongeza folda iliyobeba `jit/` kwenye `LUA_PATH`.

Majaribio yaendeshe mara tatu: `lua5.4`, `luajit`, na `luajit -joff` (kompaila imezimwa). Hizo mbili za mwisho zikitofautiana, shuku kompaila, ila hakikisha kwanza hutegemei mpangilio wa `pairs` (inayopitia vipengele vya jedwali), ambao Lua haijawahi kuuahidi.