Kudai stahiki zako CMA Tanga ukiachishwa kazi na kampuni kubwa: hatua zinazowaangusha wengi

Kupeleka madai Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, hakuhitaji ada wala wakili. Fomu ya kuanzia ni moja, CMA F1, na inatolewa bure. Kinachowaangusha watu ni mambo matatu yanayotokea kabla msuluhishi hajafungua jalada: hesabu ya siku, jina la mwajiri, na ushahidi kwamba mwajiri amekabidhiwa nakala. Mfanyakazi wa kiwanda cha Pongwe, wa bandarini au wa mradi wa bomba la mafuta kule Chongoleani anaweza kuwa na haki kabisa, na bado akarudi nyumbani mikono mitupu kwa kukosea moja kati ya hayo.

Tuanze na siku, maana hizo hazirudi.

Anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30. Mwenye madai mengine, kama mshahara usiolipwa, likizo iliyoliwa au saa za ziada, ana siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Siku ya tukio yenyewe haihesabiwi. Ukiachishwa tarehe 3 Machi, siku ya kwanza ni tarehe 4, na ya 30 ni tarehe 2 Aprili. Jumamosi, Jumapili na sikukuu zilizo katikati zinahesabika zote, hata Idi. Kama unapinga kuachishwa na pia una malimbikizo, usiyatenganishe ukidhani ya pili yana muda zaidi. Yaweke yote kwenye F1 moja ndani ya siku 30.

Kampuni za kimataifa zina kanuni za maadili zilizoandikwa vizuri, zina kamati ya rufaa ya ndani, na nyingi zina namba ya simu ya kupeleka malalamiko makao makuu ng'ambo. Vitumie, kwani vina faida yake. Lakini elewa tofauti yake. Rufaa rasmi ya ndani inabadilisha mahali pa kuanzia kuhesabu, kwa kuwa kanuni inahesabu tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho wa kukuachisha au wa kushikilia uamuzi wake. Simu ya ng'ambo haibadilishi chochote. Barua pepe ya "tunalifanyia kazi suala lako" nayo haibadilishi chochote. Na rufaa isipojibiwa hadi siku ya 25, usiendelee kuisubiri; peleka F1. Waswahili wa hapa husema Tanga waja leo waondoka leo, na ndivyo ilivyo kwa mameneja wa kampuni hizi: aliyekuahidi kwa mdomo kwamba mtayamaliza huko huko, wiki ijayo kahamishiwa Dar es Salaam au Nairobi, na aliyekuja badala yake hajui lolote. Kila ahadi iombe kwa maandishi, na hata ikiandikwa, siku zako endelea kuzihesabu.

Kama muda umekwisha, kuna fomu CMA F2 ya kuomba kuongezewa muda, pamoja na kiapo. Hapo utaulizwa umechelewa siku ngapi, kwa nini, na dai lako lina uzito gani. Kila siku ya kuchelewa iwe na maelezo na karatasi yake: cheti cha hospitali ya Bombo, tiketi ya basi, barua ya kampuni yenye tarehe. "Sikujua sheria" si sababu inayokubalika, na "tulikuwa tunazungumza na HR" peke yake ni dhaifu.

Sasa jina la mwajiri, na hapa nenda polepole. Jina lililoandikwa getini, kwenye ovaroli na kwenye magari mara nyingi ni la chapa, si la kampuni iliyokuajiri. Kampuni mama iko nje. Hapa nchini imesajili kampuni nyingine yenye jina refu kidogo, na katikati anaweza kuwapo mkandarasi au wakala aliyekuletea mkataba usaini. Ukimshitaki asiye mwajiri wako, pingamizi litakuja mapema na litafaulu, na ukianza upya utakuta siku 30 zimepita. Linganisha karatasi nne: mkataba, slipu ya mshahara, barua ya kuachishwa, na taarifa yako ya michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Hiyo ya NSSF ndiyo ya kuaminika kuliko zote, kwa sababu inaonyesha nani hasa alikuwa akikuchangia na kwa miezi ipi. Jina likipishana hata kwa neno moja, lithibitishe BRELA, wakala wa serikali anayesajili kampuni, kabla ya kuandika. Karatasi zikiwataja wawili, mkandarasi na kampuni kubwa, waandike wote kama walalamikiwa na uache Tume imtoe asiyehusika. Mmoja aliyezidi anaweza kuondolewa. Aliyesahauliwa ni shida kumwingiza siku zikishapita.

Makao makuu kuwa Dar es Salaam kusikutishe. Shauri linasikilizwa na ofisi ya Tume yenye eneo ambako mgogoro ulizuka. Kama ulifanya kazi na kuachishwa Tanga, Muheza au Korogwe, faili lako ni la Tanga, na kampuni ndiyo itakayosafiri.

Kujaza fomu yenyewe ni kazi ya nusu saa. Anwani, simu na aina ya mgogoro hazina ugumu. Angalia sehemu tatu tu. Ya kwanza ni tarehe mgogoro ulipozuka: andika ile ya barua ya kuachishwa au ya uamuzi wa rufaa, si siku uliyojaza fomu wala siku uliyopata huzuni. Tarehe moja isiyo sahihi inaweza kukutupa nje ya muda kwa maandishi yako mwenyewe. Ya pili ni Sehemu B, ambayo inajazwa na wanaopinga kuachishwa tu. Inauliza sababu ilikuwaje na utaratibu ulikwendaje. Jibu yote mawili, hata kama moja ndilo linalokuuma zaidi. Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hana dai la kuachishwa isivyo halali, ila mshahara na likizo yake anavidai kama kawaida.

Ya tatu ni matokeo unayoyataka. Mahakama imerudia mara nyingi kwamba mdai anafungwa na alichokiandika F1. Usichokiomba hupewi. Basi usiandike "nilipwe haki zangu zote". Orodhesha kila kitu na kiasi chake: mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hukwenda, notisi, kiinua mgongo, nauli ya kurudi ulikoajiriwa, na cheti cha utumishi. Kama unataka kurudishwa kazini, kiandike hicho nacho.

Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, kwa aliyefanya kazi mfululizo miezi 12 au zaidi. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hakipati, wala ambaye mkataba wake umefika mwisho wake. Ila namna ya kupata mshahara wa siku moja ndiyo inayowapunja watu wengi. Wahasibu wengine hugawa mshahara wa mwezi kwa 30. Jedwali la sheria ya ajira linagawa kwa 4.333 mara idadi ya siku unazofanya kazi kwa wiki. Mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 520,000 anayefanya kazi siku 6 anagawa kwa 26, siku moja inakuwa 20,000. Kwa miaka 6 kiinua mgongo chake ni 7 mara 6 mara 20,000, yaani 840,000. Ukigawa kwa 30 unapata 728,000. Laki moja na ushee imepotea kwenye kikokotoo, na mtu amesaini.

Hilo la kusaini lina uzito wake. Kabla ya kukupa hundi, kampuni itakuletea karatasi ya "nimepokea malipo yangu yote na sina madai yoyote". Omba nakala uende nayo nyumbani, piga hesabu kwanza. Wakikataa, andika kwa mkono juu ya sahihi yako kwamba unapokea kiasi fulani bila kuacha madai mengine, na upige picha.

Nauli nayo husahaulika. Kama uliajiriwa Bagamoyo ukaletwa Tanga, mwajiri ana wajibu wa kukusafirisha wewe na mizigo yako kurudi Bagamoyo, au kukulipa posho isiyopungua nauli ya basi hadi stendi ya karibu na ulikoajiriwa. Na kwa siku unazosubiri usafiri huo kuna fedha ya kujikimu. Ndiyo maana mkataba unaoonyesha mahali pa kuajiriwa ni karatasi ya kutunza. Michango ya NSSF isiyopelekwa ni habari nyingine: ipeleke ofisi ya NSSF na slipu zinazoonyesha makato, kwani mfuko wenyewe una nguvu ya kumdai mwajiri.

Ukishaisaini F1, usikimbilie Tume. Nakala inaenda kwa mwajiri kwanza, kisha wewe unapeleka Tume ya kwako pamoja na ushahidi wa makabidhiano. Bila ushahidi huo fomu haipokelewi. Hapa ndipo siku tatu au nne hupotea: mlinzi getini anasema hana ruhusa ya kupokea, mapokezi wanasema asubiriwe meneja, na meneja yuko safarini. Nenda na nakala tatu na daftari la dispachi, asubuhi, na uombe muhuri, jina, sahihi na tarehe kwenye nakala yako. Sahihi bila jina ina mashaka. Wakikataa, usibishane nao getini. Nenda posta siku hiyo hiyo, tuma kwa barua ya rejista kwenye anwani iliyo kwenye mkataba, na stakabadhi ya posta iwe ndiyo ushahidi wako. Panga kazi hii ifanyike siku ya 20, si ya 29.

Mkiwa wengi mlioachishwa pamoja, mmoja anaweza kusaini kwa niaba, mradi iambatane orodha ya majina yote na kila mmoja ametia sahihi yake kumpa idhini. Anayefahamika na wote lakini hayumo kwenye orodha hayumo kwenye shauri.

Usuluhishi unatakiwa umalizike ndani ya siku 30 tangu shauri lilipopelekwa, isipokuwa pande zikikubaliana kuongeza. Usikose siku ya usuluhishi: mlalamikaji asipofika, msuluhishi anaweza kulitupa shauri. Mwajiri asipofika, msuluhishi anaweza kuliamua bila yeye. Unaweza kwenda na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, TPAWU kwa mashamba ya mkonge, TUICO kwa viwanda, DOWUTA kwa bandari, au wakili, au mtu uliyemchagua mwenyewe. Mkikubaliana, hakikisha hati inataja kiasi, tarehe ya kulipa na namba ya akaunti. Makubaliano ya "atalipwa haraka iwezekanavyo" ni magumu kuyatekeleza.

Msipokubaliana, shauri linaenda kwa mwamuzi, na sasa ushahidi ndio unaozungumza. Nakala za karatasi zako zote ziwe tayari. Tuzo, yaani uamuzi wa mwamuzi, ikitoka na hukuridhika, una wiki 6 za kupeleka maombi ya mapitio Mahakama Kuu, zinazohesabiwa tangu siku uliyokabidhiwa. Siku hiyo ya kukabidhiwa iandike juu ya nakala yako ukiwa bado mbele ya karani.