Babu Mmoja, Nyanya Wawili: Kuandika Mabinamu Kwenye Shajara

Mtu wa Kibokoni, Mombasa, akikwambia "huyu ni ndugu yangu", huenda ni wa baba na mama mmoja, wa baba mmoja tu, wa tumbo moja baba mbalimbali, au mtoto wa ami. Kwa heshima neno hilo latosha. Kwa shajara, yaani mchoro wa ukoo, halitoshi.

Majina nayo hayasaidii. Salma Omari Ali na Bakari Salim Ali wote wanaishia kwa Ali, lakini mnyororo huo ni wa baba kwa baba, nyanya hayumo. Kwa hivyo uliza: "Omari alizaliwa na mama gani? Na Salim je?" Ikiwa wote ni wa Fatma, Salma na Bakari ni mabinamu kamili. Ikiwa Omari ni wa Fatma na Salim ni wa Zuhura, mke wa pili, ni mabinamu nusu: wanakutana kwa Ali peke yake. Wanaosahaulika zaidi ni wale wanaokutana kwa nyanya aliyeachwa au kufiwa akaolewa kwingine, maana wajukuu wake wana majina ya babu wawili. Waulize kina mama wazee; wao huhesabu kwa matumbo.

Salma na Bakari wakioana, mchore Ali mara moja tu, katikati, Fatma upande mmoja na Zuhura upande wa pili. Mstari wa ndoa ya Salma na Bakari uwe maradufu, ndiyo alama ya ndoa ya jamaa. Kisha hesabu kutoka kwa mtoto wao kupanda vizazi vitatu. Kwa kawaida hapo pana watu 8. Wazazi wakiwa mabinamu nusu ni 7. Wakiwa kamili, 6. Ukipata 8, umemwandika Ali mara mbili. Kosa la kinyume ni kuwafanya babu na mjukuu aliyerithi jina lake kuwa mtu mmoja, basi kila Ali mpe nambari yake na jina la mamake.

Kipimo cha DNA kisikuamulie. Mabinamu kamili hushiriki wastani wa asilimia 12.5 ya DNA, mabinamu nusu asilimia 6.25, na hiyo 6.25 ndiyo pia ya wewe na mtoto wa binamu yako kamili. Katika koo zilizooana vizazi kadhaa kiwango hupanda, hata binamu nusu akaonekana kamili.

Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inakataza ndoa ya mabinamu, isipokuwa kwa Waislamu, na undugu wa nusu inauhesabu sawa na ule kamili.

Shajara inayotazamwa kabla ya posa iwe pia na mstari wa nukta kwa ndugu wa kunyonya, yaani walionyonyeshwa na mwanamke mmoja. Damu yao si moja, lakini kwa madhehebu ya Kiislamu ya Shafi manyonyo matano kabla ya kutimiza miaka 2 huharamisha ndoa. Binti aliyenyonyeshwa na nyanya yake, mamake alipokuwa mgonjwa, amekuwa shangazi au khalati (dada ya mama) wa mabinamu zake wa upande huo.